Buluu Katika Mji wa Udongo Mwekundu

Treni inayotoka Casablanca hukufikisha Marrakech ikiwa imeshakuzoesha rangi moja. Dirishani ardhi huanza kahawia, ikazidi kuwa nyekundu kadiri unavyoelekea kusini, na nyumba za vijijini zimejengwa kwa udongo huohuo, hata kwa mbali huzitambui mpaka uone kamba ya nguo zilizoanikwa. Mji wenyewe haubadilishi chochote. Kuta za mji mkongwe, zilizoinuliwa katika karne ya 12, ni za udongo ulioshindiliwa. Ghorofa mpya, benki, maduka ya simu na ofisi za serikali zimepakwa rangi za ukoo uleule, kwa sababu kanuni za mji zinadai hivyo. Teksi ndogo zina rangi ya mchanga. Jua likikaribia kuzama, ukuta, barabara na vumbi huwa kitu kimoja.

Mimi nilikuwa nimefuata buluu.

Ninaandika habari za mavazi na za nyumba, na kwa muda mrefu sasa kuna buluu moja kali isiyoniacha nipumzike. Kamati za harusi huipenda: sare za wasimamizi, vitambaa vya viti, maputo, hata keki. Wenye saluni huipaka mlangoni. Wenye nyumba za wageni humjia fundi na picha kwenye simu, ukuta wa buluu na mbele yake chungu cha manjano chenye dungusi, wakamwambia: nataka hii. Mara nyingine matokeo hukusimamisha njiani ukatazama. Mara nyingine ukumbi mzima huumiza macho, na picha zikitoka, bibi harusi ana uso wa kijivu. Kopo la rangi ni lilelile. Nilitaka kujua kinachobadilika ni nini. Na picha nyingi za namna hiyo, ukizifuatilia asili yake, zinakupeleka kwenye bustani moja ya Marrakech.

Bustani ya Majorelle iko nje ya mji mkongwe, upande wa kaskazini-magharibi, katika mtaa unaoitwa leo kwa jina la mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent. Tiketi hununuliwa mapema kwa intaneti, tena kwa saa maalumu, na bado foleni hupinda kona. Nje wanasubiri wenye magari ya farasi, wauza maji ya chupa, na mabinti waliovaa nguo nyeupe au za manjano kwa makusudi, kwa sababu wanajua watapigwa picha mbele ya ukuta gani.

Ukishaingia, buluu haikupokei. Kinachokupokea ni kijani. Kuna msitu wa mianzi ambayo wageni wamechora majina yao kwa visu, kuna mitende, kuna madungusi yaliyopita kimo cha mtu, na njia ya kupitia imesakafiwa kwa rangi nyekundu ya udongo. Unatembea kitambo ndani ya kivuli, macho yanatulia. Kisha kinatokea chungu kimoja cha buluu, na cha pili cha manjano ya limau, na cha tatu cha rangi ya chungwa. Kisha ukingo wa bwawa lenye mayungiyungi. Halafu tu, baada ya mti kusogea, linasimama jengo lenyewe, karakana ya zamani ya mchoraji, buluu tupu kuanzia chini hadi juu.

Nilikaa kwenye benchi la pembeni nikafanya kazi ambayo simu haifanyi, yaani kutazama kilichobaki nje ya picha. Buluu, ukiipima kwa macho, ni sehemu ndogo sana ya bustani ile. Kijani ndicho kinachotawala, kikifuatiwa na wekundu wa njia na weupe wa anga la mchana. Wapiga picha wanakata hayo yote, wanabakiza ukuta, wanausambaza duniani, na fundi wa Tabata au Nyali anaagizwa apake ukuta. Msitu haukuagizwa.

Aliyepanga mambo hayo alikuwa Jacques Majorelle, mchoraji Mfaransa aliyezaliwa Nancy mwaka 1886. Baba yake, Louis Majorelle, alikuwa miongoni mwa watengeneza samani mashuhuri wa Ufaransa wa wakati wake, kwa hiyo kijana alikulia kati ya mbao, kioo na watu wanaobishana kuhusu mkunjo wa mguu wa kiti. Alikuja Moroko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akiwa na afya dhaifu, akapenda Marrakech, na mwaka 1923 akanunua kiwanja kando ya shamba la mitende. Mwaka 1931 alimwagiza msanifu Paul Sinoir amjengee karakana ya kisasa, yenye pembe kali na paa bapa. Buluu ilikuja baadaye, mwaka 1937. Maana yake ni kwamba aliishi na kupanda miti mahali pale miaka mingi kabla ya kufungua kopo la rangi. Mimea ilitangulia, rangi ikafuata.

Wala hakuivumbua buluu katika nchi ile. Ilikuwepo kwenye vigae vya zelije, kwenye bakuli na sahani za Fes, kwenye fremu za madirisha ya nyumba za milimani, na kwenye mavazi ya watu wa Sahara. Alichofanya ni kuikoleza mpaka ikakaribia zambarau, akaijaza ukuta mzima, akaipa jina la ukoo wake. Gharama za kutunza miti zilimlemea, na mwaka 1947 akafungua bustani kwa watu wanaolipa kiingilio. Baadaye ndoa yake ilivunjika, akapata ajali ya gari, na mwaka 1962 akafariki Paris. Bustani ikaachwa kwa magugu. Mwaka 1980, pakiwa pamepangwa kujengwa hoteli, Yves Saint Laurent na mwenziwe Pierre Bergé waliinunua wakaiokoa.

Kabla ya kufika kwa Saint Laurent, inafaa kusema habari ya bei, maana buluu hii ina historia ya bei kuliko rangi nyingine yoyote ninayoijua.

Kwa karne nyingi buluu iliyokoza namna hii ilitoka mahali pamoja: migodi ya Sar-i Sang katika milima ya Badakhshan, kaskazini-mashariki mwa Afghanistan. Huko huchimbwa jiwe la lapis lazuli. Misri ya mafarao ililitumia kupamba barakoa ya Tutankhamun. Wachoraji wa Italia walilisaga, wakaukanda unga wake pamoja na nta na utomvu, wakaukamua katika maji ya majivu mpaka chembe za buluu zikajitenga na uchafu wa kijivu. Kazi ilikuwa ndefu, mavuno madogo, na bei ikashindana na ya dhahabu. Waliitia kwenye joho la Bikira Maria, na aliyelipia mchoro aliandika katika mkataba itumike rangi ya daraja gani. Waliiita ultramarini, rangi ya ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa cha kuendeleza viwanda kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayetengeneza rangi hiyo bila jiwe, kwa bei isiyozidi faranga 300 kwa kilo. Mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet, na mwaka huohuo Mjerumani Christian Gmelin akatangaza njia yake. Viungo vyake vinashangaza kwa udogo wa thamani: udongo mweupe wa kaolini, magadi, salfa na makaa, vikachomwa pamoja tanuruni. Salfa iliyofungiwa ndani ya chembe ndiyo inayotoa buluu. Ukiidondoshea tindikali rangi hufa, na harufu ya yai viza hupanda.

Tangu hapo buluu ya wafalme ikawa ya kila mtu. Ilishuka bei hadi ikaingia kwenye beseni la kufulia. Ile buluu ambayo bibi zetu waliitia katika maji ya mwisho ili kanzu ya Ijumaa isionekane ya manjano ilitengenezwa kwa ultramarini hiyohiyo ya kiwandani. Joho la Bikira Maria na kanzu ya babu vimehudumiwa na rangi moja. Tofauti ni kwamba upande mmoja ilitumika ili ionekane, na upande wa pili ilitumika ili weupe uonekane.

Basi ikiwa rangi ni ya bei ya chini, tunalipia nini tunaponunua buluu ghali? Msanii Yves Klein alilijibu swali hilo kwa ukali. Aliona kwamba unga mkavu wa ultramarini una mwanga ambao mafuta ya kuchorea huuzima, akamtafuta muuza rangi wa Paris, Edouard Adam, wakapata gundi ya kiwandani inayoshika unga bila kuufifisha. Mwaka 1957, mjini Milan, alitundika mbao 11 za buluu, ukubwa mmoja, rangi moja, na mwenyewe alisimulia kwamba kila moja ilikuwa na bei yake. Mwaka 1960 aliweka kumbukumbu rasmi ya mchanganyiko wake. Alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 34, mwaka uleule aliofariki Majorelle. Wafaransa wawili waliacha majina yao kwenye buluu ambazo malighafi yake mtu angeweza kuinunua kwa kilo. Waliuza macho yao: mmoja alijua aizungushie nini, mwingine alijua aondoe nini.

Mwenyeji wangu mjini alikuwa kijana wa Lubumbashi anayesomea uhandisi, ambaye familia yake na yangu zinajuana kupitia Kigoma. Kifaransa chake na Kiarabu cha mtaani alichokiokota ndivyo vilivyonivusha sokoni. Aliniita yaya, kama anavyowaita dada zake wakubwa, na alikuwa na haraka ya kunionyesha kila kitu kwa wakati mmoja.

Tulianzia kwenye soko la watia rangi, ambako mafungu ya sufu hutundikwa juu ya vichochoro yakikauka. Kisha tukafika uwanja wa Rahba Kedima, kwa wauza viungo. Pale buluu huuzwa kwa mafungu ya unga, jina lake nila, na hata chini ya turubai inawaka kuliko binzari na pilipili zilizo jirani. Muuzaji alitueleza kwamba wanawake huitumia kufulia na kujipaka mwilini, na wengine huichanganya na chokaa wakapakia kuta. Kifuko kidogo kilinigharimu pesa ya kununulia juisi ya machungwa.

Kwenye duka la vyombo mwenyeji wangu alinyanyua bakuli la Fes, jeupe, lililochorwa kwa buluu. "Yaya, hii njo ya kwetu," akasema, akicheka.

"Kobalti?"

"Njo ile. Kolwezi."

Alikuwa na haki ya kujivuna, ingawa si kwa bakuli lile. Kobalti ndiyo inayotoa buluu kwenye udongo unaochomwa, na Kongo leo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, sehemu kubwa ikiishia kwenye betri za simu na magari. Lakini Moroko nayo ina mgodi wake, Bou Azzer, kusini ya milima. Nikamwambia kwamba pwani yetu nayo ina deni na madini hayo. Kobalti ndiyo iliyochora bakuli za China ambazo wazee walizipachika kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi. Ukuta mzima ulikuwa wa chokaa na matumbawe, rangi ya mfupa, na buluu ilikuwa ya ukubwa wa kiganja tu. Waliolijenga kaburi hawakuwa na buluu ya kumwaga, na labda ndiyo maana waliiweka mahali ambapo jicho lingekwenda lenyewe.

Jumba la makumbusho la Yves Saint Laurent lilifunguliwa mwaka 2017, hatua chache kutoka kwenye bustani. Wasanifu wa Studio KO walilijenga kwa matofali ya rangi ya Marrakech, yakapangwa nje kama nyuzi za kitambaa, na ndani wakaliacha laini, kama bitana ya koti. Sanamu za mavazi zimesimama katika ukumbi mweusi, na kila vazi linapata mwanga wake peke yake.

Saint Laurent alizaliwa mwaka 1936 huko Oran, Algeria, akafika Marrakech kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba mji huu ndio uliomfunza rangi. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla, mwaka 1965, alikuwa ameshatoa zile nguo zilizofuata michoro ya Mondrian: gauni lililonyooka, weupe mwingi, mistari myeusi, na vipande vichache vya nyekundu, manjano na buluu. Hapo buluu ilikuwa imewekewa ua ili isitoroke. Baada ya Marrakech aliondoa ua. Aliiweka buluu bega kwa bega na waridi, na chungwa, na kijani, bila mstari wa kuamua ugomvi. Ukitoka mle ndani ukatazama mtaa, unaona alikolitoa somo: mbokamvilia la waridi limemwagika juu ya ukuta wa udongo, na chini yake amekaa mwanamke mwenye kilemba cha manjano.

Kwa hiyo nilikuwa tayari na hitimisho langu, tena la kupendeza: buluu kali itumike kwa kiasi. Lingenitosha, kama tusingepita kwenye duka moja la nguo za Sahara.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Guelmim, mji ambao jangwa huanzia kusini yake. Alikunjua daraa. Ni joho la wanaume wa Sahara, pana kiasi kwamba mtu huukunja upana wake juu ya mabega yote mawili, na lake lilikuwa la buluu ya anga iliyokolea, limepigwa hadi likang'aa, na mfuko wa kifuani umetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Halikuwa na pindo wala rangi ya pili ya kulituliza. Wageni wengi huwachanganya watu hawa na Watuareg walio mashariki zaidi, ambao vitambaa vyao vya nili iliyokolea huachia rangi kwenye ngozi. Lakini wote wawili hujifunika buluu kuanzia kichwani au begani hadi kifundoni. Kwa kanuni yangu mpya, mtu wa namna hiyo angetakiwa kuumiza macho.

Nikamuuliza mzee, kwa ulimi wa mwenyeji wangu, kwa nini buluu yote ile. Alijibu akinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. Kule, alisema, kila kitu ni mchanga. Mtu akivaa rangi ya mchanga, nani atamwona?

Hapo ndipo hesabu ilipokaa sawa. Joho ni pana ukilitazama dukani. Lipeleke jangwani, na hilo joho ni doa. Buluu yake ina kiasi vilevile, ila kiasi hicho hakipimwi kwenye nguo, kinapimwa kwenye nchi aliyosimama mvaaji. Na mchanga una rangi ya machungwa, ambayo ndiyo kinyume cha buluu katika duara la rangi wanalofundishwa wanafunzi wa sanaa. Kila moja huikoleza nyingine. Majorelle naye alikuwa na bahati hiyohiyo. Ukuta wake wa buluu umo ndani ya bustani ya kijani, nayo bustani imo ndani ya mji uliokatazwa kuwa na rangi nyingine isipokuwa ya udongo. Kanuni ile ya manispaa, inayowachosha wenye nyumba, ndiyo inayolilipia jengo la buluu umaarufu wake kila siku. Siku Marrakech yote ikipakwa buluu, bustani ile itakosa foleni.

Nilinunua skafu mahali pa daraa, mwenyeji wangu akinisaidia kupatana bei kwa lugha tatu, na nikatumia safari ya kurudi kuwaza nchi yetu kwa macho hayo.

Pwani, kwa mfano, tayari ina buluu ya bure. Nyumba ya ufukweni iliyopakwa buluu yote inashindana na bahari, na bahari haijawahi kushindwa. Mafundi wa zamani waliiacha nyeupe kwa chokaa, wakaupa mlango wa mti kazi ya kuvutia. Lakini panda hadi Dodoma wakati wa kiangazi, au Singida, ambako udongo ni mwekundu na nyasi zimekauka. Pale ukuta mmoja wa buluu, geti moja, fremu za madirisha, vitafanya kazi ambayo ukumbi mzima wa harusi haufanyi. Wamaasai hawakungoja makala hii: shuka la buluu kwenye nyika iliyokauka unaliona kabla hujamwona ng'ombe. Na wachoraji wa kanga wanalijua jambo hili kwa ufundi wao. Wana rangi chache za kuchapia, na pindo na mji wa kanga lazima vigawane kwa haki. Buluu ikipewa mji, pindo hupewa kitu kingine kisichoiogopa.

Ushauri wangu kwa kamati za harusi ni mfupi. Kabla ya kuchagua buluu, ulizeni ukumbi una kuta za rangi gani, sherehe ni ya mchana au usiku, na taa ni za namna gani, kwa sababu mwanga unapopungua jicho la binadamu hupoteza nyekundu kwanza, na buluu hujichukulia nafasi iliyoachwa. Halafu mchague watu wachache wa kuivaa. Wasimamizi wawili wenye buluu kati ya umati wa rangi ya dhahabu na kahawia wataonekana kwenye kila picha. Wageni mia tatu wenye buluu wanageuka kuwa pazia.

Na anayejenga nyumba ya wageni, akiwa na picha ya Marrakech kwenye simu, atoke nje kwanza autazame udongo wa kiwanja chake. Apande miti, aingoje ikue, kama alivyongoja mwenye picha. Kopo la rangi halitaharibika, na bei yake ni ndogo.